Barua kwa wifi yangu, na simaanishi ile ya intaneti

Wifi yangu,

Juzi ulipokuja kuchukua watoto ulitupa neno ukiwa umeshashika kitasa cha mlango: "Nikirudi chuo sasa hivi, nitamaliza nina miaka 50." Kisha ukaondoka. Sikukujibu kwa sababu wanao walikuwa wanagombania kiatu kimoja. Lile jibu la kwamba miaka 50 utafika hata usiposoma umeshalisikia, na saa tano usiku ukiwa na asaimenti mkononi halisaidii kitu.

Nimeamua kuandika hadharani. Najua si wewe peke yako mwenye fomu iliyokunjwa droo, na, kusema kweli, nataka kaka yangu naye asome.

Mimi nilirudi nikiwa na miaka 42. Nilichokiogopa ni kichwa kuwa kimeshika kutu. Kilichonitoa jasho kikawa kingine kabisa. Asaimenti ya kwanza ilihusu usimamizi wa ghala, na mimi nimekaa stoo miaka 14. Niliandika kurasa sita huku nacheka peke yangu kwa raha. Mhadhiri, kijana ambaye ningeweza kuwa shangazi yake, aliirudisha na maneno yale yale matatu pembeni mwa kila ukurasa, kwa wino mwekundu: "Chanzo kiko wapi?" Nilipandwa na hasira. Chanzo ni mimi! Nani mwingine alikuwepo siku tulipohesabu mzigo mara tatu na kila mara tukapata idadi tofauti?

Ilinichukua semista nzima kuelewa kwamba yule kijana hakunidharau. Chuoni kujua peke yake hakutoshi. Wanataka uonyeshe umejuaje, na nani mwingine amelichunguza jambo hilo. Nikaanza kufanya kinyumenyume: naandika ninachokijua, halafu naingia maktaba kutafuta aliyekwisha kukiandika. Mara nyingi nilimkuta. Mara mojamoja nilimkuta amekosea, na hapo, wifi, utamu wake siwezi kukusimulia.

Kichwa nacho kinashika, ila usikitendee kama tulivyokitendea tukiwa vijana, kusoma daftari mara tano usiku wa kuamkia mtihani. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya unachosahau inaondoka mapema sana, kisha upotevu unapungua kasi. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliofunga maandishi wakajaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa mtu kama wewe hiyo ni habari njema, maana kujipima hakuhitaji meza wala utulivu. Nilikuwa najiuliza maswali nikiwa kwenye foleni, na nikikwama naandika neno moja kwenye kiganja ili nikalitafute nikifika nyumbani.

Ulisema pia unaona aibu kuendelea na kitu ulichokiacha katikati. Brian May, yule mpiga gitaa wa bendi ya Queen, aliiacha tasnifu yake ya shahada ya uzamivu (PhD) mwaka 1974, muziki ukamchukua. Ilihusu vumbi lililotanda kati ya sayari. Aliirudia zaidi ya miaka 30 baadaye na akahitimu mwaka 2007, akiwa na miaka 60. Utasema yule ana pesa. Sawa, ana pesa. Lakini hata yeye ilibidi asome yaliyoandikwa kuhusu vumbi hilo miaka yote aliyokuwa jukwaani, na pesa haimsomei mtu.

Kwa hiyo swali la kwanza kupeleka kwenye ofisi ya udahili ni hili: masomo niliyofaulu zamani bado yanahesabiwa, au yamepitwa na wakati na naanza upya? Wakujibu kwa maandishi. Uliza kama unaweza kuchukua masomo machache kwa semista, na kama mtoto akiugua unaruhusiwa kuahirisha bila kupoteza ada. Na uliza mitihani inafanyika saa ngapi! Mimi niliambiwa kozi ni ya jioni, nikafurahi, nikalipa. Vipindi kweli vilikuwa jioni. Mitihani ikawa asubuhi, siku za kazi. Likizo yangu yote ya mwaka ule iliishia kwenye chumba cha mtihani, na siku ya kwanza vidole viligoma kabla saa moja haijaisha kwa sababu miaka mingi sikuwa nimeandika kwa kalamu zaidi ya kusaini.

Sasa wewe, kaka. Usiseme "nitamsaidia." Kusaidia maana yake kazi ni yake na wewe unapita tu. Chagua jioni mbili kwa wiki ambazo chakula, madaftari ya watoto na kuwalaza ni vyako kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kumwuliza chumvi iko wapi. Nimeona wenzangu darasani waliokuwa na akili kunizidi wakiacha masomo, na wengi wao hawakushindwa mtihani hata mmoja. Walichoka.

Wifi, Jumamosi watoto walale kwangu. Njoo na ile fomu, na matokeo yako ya zamani hata kama karatasi imeraruka kwenye mikunjo. Tutajaza kwa mkono, polepole, vidole vianze mazoezi.

Wifi yako