Samaki hawa wa puto wanateseka, tusiwanunue

Mhariri,

Mimi ni mfugaji wa samaki wa mapambo hapa Kisumu na ninawapenda samaki hawa kwa dhati. Ndiyo maana nawasihi wafugaji wenzangu, na wenye hoteli wanaoweka matangi mapokezini, tuache kununua samaki waliozalishwa makusudi wakiwa na maumbo ya kuwatesa.

Mtazame moli wa puto, samaki mdogo wa matangini. Umbo lile la duara linalowafurahisha watoto limetokana na uti wa mgongo uliofupishwa na kupindwa kizazi baada ya kizazi. Matumbo yamebanwa, na kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea nacho kimekosa nafasi, kwa hiyo akiogelea anahangaika. Samaki kasuku, aliyezalishwa Taiwan miaka ya 1980 kwa kuchanganya jamii mbalimbali za samaki wa Amerika ya Kati, ana mdomo mwembamba usiofumba vizuri. Mweke pamoja na samaki wenye midomo mizima uone chakula kinavyoisha yeye akiwa bado anakikimbiza. Kuna na samaki wa dhahabu wenye vifuko vya maji chini ya macho, ambavyo jiwe moja lenye ncha linaweza kuvipasua. Wengine macho yao hutazama juu daima; chakula kikishuka chini hawakioni.

Sipingi kuchagua mbegu. Wachina walianza kuwachagua samaki wa dhahabu kwa ajili ya rangi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na rangi haimzuii samaki kuogelea wala kula. Umbo linaloharibu mwili ni jambo jingine kabisa. Wapo wanaonijibu kwamba hata ng'ombe wa gredi amebadilishwa na binadamu. Ni kweli, na mfugaji wa ng'ombe naye ana maswali yake ya kujibu. Ila yeye anakama maziwa. Sisi tunamtesa kiumbe ili tupate cha kutazama tu.

Wauzaji husema samaki hao hawana shida kwa kuwa wanakula. Mbwa akiumia utamsikia. Samaki hatoi sauti, basi inatupasa kumwangalia anavyoogelea.

Ujerumani, kifungu cha 11b cha sheria yao ya kulinda wanyama kinakataza uzalishaji unaotarajiwa kuleta watoto wenye maumbile ya kuwaumiza. Nasi tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Nawaomba wabunge wetu waweke humo katazo la wazi kama hilo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba biashara hii inafanyika kando ya Ziwa Victoria. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina za fulu, samaki wadogo wa humu ziwani, kabla ya mbuta (sangara), samaki mkubwa mla samaki aliyeingizwa miaka ya 1950, kuwapunguza vibaya. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawatunza fulu hao kwa fahari, akiwemo Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake lina wekundu na manjano ya kupendeza. Wenye maduka wangeweza kutuuzia fulu waliozalishwa kwenye matangi, bila kuwasumbua wachache waliobaki ziwani.

Aliye na samaki wa puto au kasuku tayari asimtupe ziwani. Amtunze mpaka mwisho wake: aondoe mawe yenye ncha, ampe chakula laini kidogo kidogo, amtenge na samaki wepesi wa kunyang'anya, na asimzalishe.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Kisumu