Amekalia kuti kavu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na pale ulipoandika kwamba Waingereza wanabadilisha viongozi kama kanga nilicheka mpaka nikapaliwa. Lakini hasira yako naielewa. Mwaka 2022 walipita mawaziri wakuu watatu, Boris Johnson, kisha Liz Truss aliyekaa siku 49, kisha Rishi Sunak, na wananchi hawakuitwa kwenye uchaguzi mkuu hata mara moja. Unauliza, huo si wizi?

Si wizi, shoga yangu; ndivyo mfumo wa kibunge ulivyo. Tangu mwanzo hakuna aliyepewa karatasi ya kumchagua waziri mkuu. Mpiga kura wa kule hukuta majina ya wagombea ubunge wa jimbo lake tu, basi. Majimbo yako 650, na kiongozi wa chama chenye wabunge wa kutosha ndiye ambaye mfalme humwita aunde serikali. Mawaziri nao hutoka humo humo bungeni. Kwa hiyo chama kikimchoka kiongozi wake na kuweka mwingine, maadamu wabunge wanamkubali, mambo yamekwisha; bunge lililochaguliwa Desemba 2019 lilikuwa lile lile. Rais wa Marekani ana miaka yake minne, na bunge likichukizwa na sera zake tu haliwezi kumwondoa kwa hilo. Waziri mkuu hana muda wake mwenyewe. Amekalia kuti kavu, na mara nyingi wanaolitikisa ni wabunge wa chama chake mwenyewe, wale wanaoketi nyuma yake.

Kuna usiku mmoja ambao kwangu unaeleza mfumo huu kuliko kitabu chochote: tarehe 28 Machi 1979. Waziri mkuu wa Uingereza, James Callaghan wa chama cha Labour, hakuwa na wabunge wa kutosha, akawa anaendesha serikali kwa kubembeleza vyama vidogo. Upinzani chini ya Margaret Thatcher ukaleta hoja ya kutokuwa na imani naye. Viranja wa vyama, wale ambao kazi yao ni kuhesabu vichwa na kuwakimbiza wabunge waje kupiga kura, walikuwa wakitafuta hata kura moja. Mbunge mmoja wa Labour, Alfred Broughton, alikuwa mahututi, na Callaghan hakutaka aletwe kwa gari la wagonjwa. Mwingine, Frank Maguire, mbunge asiye na chama kutoka Ireland ya Kaskazini, alifunga safari hadi London, alipofika hakupigia upande wowote! Hapo nilirudia kusoma mara mbili. Kura zikahesabiwa: 311 kwa 310, serikali ikaanguka kwa kura moja. Bunge likavunjwa, Mei wakaenda kwenye uchaguzi, Thatcher akaingia. Broughton alifariki siku chache baada ya usiku ule.

Najua utakalosema: kumbe serikali yaweza kuanguka hivi hivi tu? Wajerumani waliwahi kuumwa na nyoka huyo. Kabla ya Hitler, vyama visivyopatana kwa lolote vilikuwa vikiungana kuangusha serikali, halafu vinashindwa kuunda nyingine. Katiba yao ya 1949 ikaziba tundu hilo: humwondoi kansela, yaani waziri mkuu wao, mpaka kura hiyo hiyo imemchagua wa kushika nafasi yake. Kura ya namna hiyo imefaulu mara moja tu, tarehe 1 Oktoba 1982, Helmut Schmidt alipotolewa na Helmut Kohl akaingia. Kwangu mimi huo ni ufundi safi kabisa.

Chama kisipopata wingi, hulazimika kutafuta wenzake wa kuunda serikali ya mseto, na hapo subira inahitajika. Ubelgiji baada ya uchaguzi wa 2010 walijadiliana siku 541, huku mawaziri wa zamani wakishikilia ofisi.

Usidanganywe na jina la cheo, lakini. Ufaransa wana waziri mkuu, na bunge laweza kumwangusha, ila rais wao huchaguliwa na wananchi moja kwa moja na ana nguvu zake. Huo ni mchanganyiko. Ujerumani wana rais pia, huyo kazi yake kubwa ni heshima na kutia saini.

Sitakuficha kinachonikera. Waziri mkuu akiwa na wabunge wengi mno, bunge linalotakiwa kumbana limejaa watu wake, na wengi wao wanautamani uwaziri. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Ukiniambia mfumo wa rais ni bora kwa sababu hiyo, nitakusikiliza. Ukiniambia ni bora kwa kuwa rais hang'oki kirahisi, tutagombana.

Niandikie upesi, na usisahau kunieleza umeishia wapi na mtihani wako.

Wako,
Mwanaidi