Barua ya wazi kwa mpwa wangu: huo ukungu si sauti ya utepe

Mpwa wangu,

Wimbo ulionitumia nimeusikiliza kwa spika, kisha kwa hedifoni. Gitaa umelipiga vizuri na sauti yako imekomaa kuliko nilivyotarajia kwa umri wako. Kilichonikalisha chini niandike ni yale maneno uliyoambatanisha: kwamba unaipenda ile mashine yako ya kurekodi kwa utepe, TEAC A-3340S, kwa sababu inaifunika sauti kwa "ukungu wa zamani", pamoja na swali lako kuhusu kumiksi, yaani kuchanganya traki. Nakujibu hadharani kwa kuwa wako wengi waliopata mashine kama yako na wanaamini hivyo hivyo.

Ukungu huo hautoki kwenye utepe, mwanangu. Mashine yako inaumwa.

TEAC A-3340S ilitengenezwa miaka ya 1970. Inaweka traki nne, yaani njia nne za sauti zinazokaa sambamba, kwenye utepe wa robo inchi, na kila traki ina upana wa milimita moja hivi. Ikienda kwa spidi ya inchi 15 kwa sekunde, yaani sentimita 38, mashine ya aina hiyo isiyo na hitilafu inanasa sauti mpaka karibu na kikomo cha sikio la binadamu. Matoazi yanatakiwa yalie kama matoazi. Mkono ukiteleza juu ya nyuzi za gitaa, usikie ngozi ikikwaruza chuma. Waliozitumia mashine hizi zikiwa mpya walipigana na ukungu kwa kila walichokuwa nacho, hakuna aliyeutafuta.

Fanya hesabu nami. Sauti ya hezi 10,000 ikirekodiwa kwa spidi hiyo, wimbi lake moja juu ya utepe lina urefu wa mikroni 38, wembamba kuliko unywele. Uchafu wa mikroni 4 tu ukikaa kati ya utepe na hedi (kile kichwa cha sumaku kinachoandika au kusoma sauti) wakati wa kucheza, unameza karibu desibeli 6 za sauti hiyo. Ukishusha spidi hadi inchi 7.5, wimbi linafupika kwa nusu na hasara inapanda hadi desibeli 11 au 12. Besi, ambayo mawimbi yake ni marefu, haiguswi hata kidogo. Kwa hiyo unachokiita ukungu wa zamani ni besi iliyobaki peke yake baada ya sauti za juu kuliwa. Na usisahau kwamba uchafu uleule ulikuwepo pia wakati wa kurekodi, kwa hiyo umekatwa mara mbili.

Basi anza na pamba. Tafuta isopropili, aina ya alkoholi, ya asilimia 99, usitumie spirti ya kusafishia vidonda, kwa sababu ile ina maji mengi na wakati mwingine hutiwa vitu vingine vinavyobaki juu ya chuma. Safisha hedi zote tatu: ya kufuta, ya kurekodi, ya kucheza. Safisha miongozo yote utepe unapopita, na ile nguzo ya chuma inayouvuta utepe. Endelea mpaka kijiti cha pamba kitoke cheupe. Rola ya mpira usiiguse kwa isopropili, maana mpira wa zamani ukinyweshwa spirti mara kwa mara hukauka na kupasuka; kwake tumia kitambaa chenye maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini, kisha upanguse kwa maji matupu. Subiri vyote vikauke ndipo uvishe utepe. Kazi hii ifanye kila unapokaa kurekodi, hata kama jana ulisafisha.

Inayofuata ni kazi ya kuondoa usumaku kwenye hedi, na hapa nakuomba uwe na subira. Hedi ikishika usumaku inaongeza mvumo na inafuta sauti za juu kidogo kidogo kila utepe unapopita, na zikishafutwa hazirudi. Zima mashine. Peleka tepe zote mbali, hasa zile zenye kazi zako. Washa kile kifaa cha kuondoa usumaku kikiwa mita moja kutoka kwenye mashine, kisogeze taratibu, kipitishe mbele ya kila hedi na kila mwongozo wa chuma bila kukwaruza, kisha rudi nacho nyuma taratibu vilevile mpaka mita moja ndipo ukizime. Ukikizima au umeme ukikatika kikiwa karibu na hedi, utakuwa umeitia hedi usumaku mkubwa kuliko uliokuwepo, na itabidi uanze upya.

Kuhusu ule mfuko wa tepe za zamani uliokuja na mashine: usicheze utepe hata mmoja kabla ya kuukagua. Tepe nyingi zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970, zile za kampuni ya Ampex, namba 406 na 456, zikiwa maarufu zaidi kwa tatizo hili, zilitumia gundi inayonyonya unyevu wa hewa. Miaka ikipita gundi inalainika, utepe unalia ukipita kwenye hedi na unaacha matope ya kahawia. Kama ndani kuna kumbukumbu ya mtu, utepe wa namna hiyo hupashwa joto la nyuzi 54 kwa saa 8 au zaidi, katika kifaa chenye joto linalodhibitiwa barabara, kisha unanakiliwa upesi kabla hali haijarudi. Oveni ya kawaida isahau kabisa, joto lake linapanda na kushuka ovyo. Tepe za asetati za zamani zaidi hazipashwi joto kamwe. Utazijua ukiinua rili kwenye mwanga, zinapitisha mwanga. Kwa kazi zako mpya nunua utepe mpya. RTM ya Ufaransa na ATR Magnetics ya Marekani bado wanatengeneza. Najua ni ghali, lakini kurekodi wimbo mpya juu ya utepe unaobanduka ni kumpa kazi ngumu mtu utakayekuwa baada ya miaka kumi.

Baada ya hapo ndipo hedi zipangwe, na mpangilio una foleni yake. Kwanza hedi ya kucheza, kwa utepe wa kupimia uliorekodiwa kiwandani, halafu ya kurekodi, kwa sababu kila unachokirekebisha kwenye kurekodi unakisoma kupitia kucheza. Hakikisha utepe wa kupimia ni wa spidi unayotumia na wa kiwango cha usawazishaji cha mashine yako, NAB, yaani kanuni ya jinsi sauti za juu na za chini zinavyopandishwa au kushushwa wakati wa kurekodi na kucheza. Zungusha skrubu ya azimathi, yaani ya mwinamo wa hedi, mpaka sauti ya hezi 10,000 ifike juu kabisa na traki zote zikubaliane. Anza na sauti ya chini zaidi, kama hezi 1,000, kwa sababu kwenye 10,000 kuna vilele vya uongo vinavyofanana na cha kweli. Jambo jingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka: tepe nyingi za kupimia zimerekodiwa upana mzima wa utepe, na hedi yako yenye traki nne inakusanya besi ya ziada kutoka pembeni ya kila traki. Mita itakuonyesha besi nyingi mno. Usiipunguze. Besi ipime kwa kurekodi mwenyewe na kusikiliza.

Bayasi, ule mkondo wa masafa ya juu sana unaochanganywa na muziki wakati wa kurekodi, hupangwa kwa aina ya utepe uliouchagua. Unaupandisha mpaka sauti ya hezi 10,000 ifike kileleni, unaendelea kupandisha mpaka ishuke kwa kiasi alichoandika mtengenezaji wa utepe. Chagua aina moja ya utepe na ubaki nayo.

Sasa kumiksi, jambo uliloniuliza mwanzoni.

Ulilalamika kwamba ukisikiliza traki ya kwanza huku unarekodi ya pili, ya kwanza inasikika butu. Hiyo ni kawaida. Hedi ya kucheza iko sentimita chache mbele ya hedi ya kurekodi, na kama ungefuata sauti yake ungechelewa kwa sehemu ya sekunde inayosikika waziwazi. Suluhisho ni kuifanya hedi ya kurekodi yenyewe icheze traki za zamani. Ampex waliliweka wazo hilo kwenye mashine ya traki nane waliyompelekea mpiga gitaa wa Marekani Les Paul mwaka 1957, na TEAC wakalileta nyumbani kwa jina la Simul-Sync. Hedi ya kurekodi haikuundwa kwa ajili ya kucheza, ndiyo maana inapoteza sauti za juu. Usihukumu miksi ukiwa kwenye hali hiyo. Rudisha traki zote kwenye hedi ya kucheza kwanza.

Hilo linakugusa pia unapohamisha traki kadhaa kwenda traki moja ili upate nafasi. Ukijaza traki 1, 2 na 3 kisha ukazimiksi kwenda traki ya 4, zile tatu zinasomwa kwa hedi ya kurekodi. Ongeza sauti za juu kidogo njiani, na uhamishe mapema vile vitu ambavyo havitaumia sana, besi na ngoma za chini. Traki ya 3 iko ubavuni mwa ya 4, kwa hiyo sauti huvuja na inaweza kuanza kupiga mluzi. Mara nyingi mimi huiacha traki ya 3 tupu au naipunguza sana. Uimbaji wako usiuhamishe. Urekodi mwisho, kwenye traki za kati, kwa kuwa traki za pembeni ndizo za kwanza kuumia utepe ukikunjika ukingo.

Rekodi kwa nguvu inayotosha. Traki nne zikifunguliwa pamoja, mvumo wao ni desibeli 6 juu ya mvumo wa traki moja, na ndiyo sababu chaneli isiyo na muziki kwa wakati huo inafungwa. Ila kayamba na matoazi yasikudanganye: mita za VU, zile za sindano zinazoonyesha nguvu ya sauti, ni nzito, haziwahi kuona kile kishindo cha mwanzo. Sindano ikae kwenye -10 hivi, vinginevyo unapata mlio uliopasuka huku mita ikikuambia mambo shwari.

Ukimaliza, mwanzoni mwa utepe rekodi toni ya hezi 1,000 na ya 10,000, na juu ya boksi uandike spidi, NAB, aina ya utepe na kilichomo kwenye kila traki. Hifadhi utepe ukiwa umechezwa hadi mwisho, bila kuurudisha nyuma. Mwangwi unaohama kutoka mzingo hadi mzingo utaangukia baada ya sauti yenyewe, ambako haukeri sana.

Anza na pamba wikendi hii. Kisha rekodi upya ubeti mmoja tu wa wimbo ule, gitaa na sauti, kwa inchi 15, unitumie. Skrubu za bayasi usiziguse kabla hatujazungumza.

Mjomba wako