Kabla ya kupandisha toleo la seva, maktaba zake zikaguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa ofisi ambazo seva zao bado zinatumia Ubuntu 20.04, toleo la mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) ambalo msaada wake wa kawaida ulikoma Mei 2025. Kuhamia toleo jipya ni lazima, wala sipingi. Ninachopinga ni fundi kuitwa Ijumaa jioni, akaambiwa Jumatatu kila kitu kiwe kinafanya kazi, bila yeyote kuuliza programu za ofisi zinategemea nini.

Programu nyingi hazijitoshelezi. Kazi za kawaida, kama vile kuficha mawasiliano yasisomwe njiani, huziazima kutoka kwenye mafaili yaitwayo maktaba za pamoja, ambayo hutunzwa na mfumo endeshi kwa ajili ya programu zote. Utaratibu huu una faida kubwa: mwaka 2014, lilipogunduliwa tundu la usalama liitwalo Heartbleed katika OpenSSL, maktaba inayofanya kazi hiyo ya kuficha mawasiliano, programu zilizoitumia kwa njia hiyo hazikuhitaji kuundwa upya; ilitosha kubadilisha maktaba na kuziwasha tena. Gharama yake huonekana siku ya kuhama. Ubuntu 20.04 ilikuja na OpenSSL 1.1.1, ambayo faili lake ni libssl.so.1.1, ilhali Ubuntu 22.04 ina OpenSSL 3.0, na faili lake ni libssl.so.3. Jina lilibadilishwa kwa makusudi, kwa sababu namna programu na maktaba zinavyoitana imebadilika. Programu ya mishahara iliyoundwa kwa toleo la zamani hulitafuta faili la jina la zamani, hailipati, na inagoma papo hapo.

Hapo ndipo njia za mkato zinapoanza. Wapo wanaolipachika faili jipya jina la zamani. Hawafiki mbali, kwa kuwa ndani ya faili mna alama za toleo ambazo hukaguliwa programu inapowashwa. Wengine hunakili libssl.so.1.1 kutoka seva ya zamani, na hii inanitisha zaidi kwa sababu inafanya kazi. Waundaji wa OpenSSL waliacha kuitolea 1.1.1 marekebisho ya bure Septemba 2023, na faili lililonakiliwa kwa mkono halisasishwi na mfumo pamoja na mengine. Ofisi hujiona imehama, kumbe mishahara yake inapita katika maktaba isiyo na mwenyewe.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Seva inakiliwe kwenye mashine ya majaribio, toleo lipandishwe huko, kisha kila programu ambayo haikuja na mfumo endeshi ipimwe kwa amri ya ldd, ambayo huorodhesha maktaba inazozitaka na kuonyesha zilizokosekana. (Amri hiyo isitumiwe kwa programu ambayo asili yake haiaminiki, kwani inaweza kuiendesha.) Maktaba zinazopakiwa programu ikiwa tayari kazini hazitaonekana katika orodha hiyo, kwa hiyo mhasibu naye aketi hapo na kuandaa mishahara ya majaribio hadi mwisho.

Dawa ya kudumu ni programu kuundwa upya kwa toleo jipya, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu msimbo chanzo, yaani maandishi ya asili ambayo programu huundwa kutokana nayo, anao mkandarasi ambaye mkataba wake ulikwisha zamani na simu hapokei. Kwa ofisi iliyokwisha kufika huko, programu hiyo itengwe ndani ya kontena, yaani chumba cha programu kilichotengwa na mfumo mwingine, lenye maktaba zake za zamani, ikatiwe intaneti, na iwekewe tarehe ya kuondolewa. Kwa mikataba mipya, kamati za zabuni ziweke sharti kwamba mkandarasi ataiunda upya programu kila mfumo endeshi unapopandishwa toleo, au akabidhi msimbo chanzo kabla ya kulipwa fungu la mwisho.

Wako,
Fundi wa TEHAMA,
Dar es Salaam