Pongezi tumepokea, sasa tulipwe

Mhariri,

Mwezi wa Machi nilialikwa kwenye kiamshakinywa cha wanawake wafanyabiashara katika hoteli moja hapa Nairobi. Chai ilikuwa nzuri, mahamri yalikuwa ya moto, na kila mmoja wetu aliondoka na cheti chenye jina lake kwa wino wa dhahabu. Msemaji mkuu, bwana mmoja aliyevaa suti iliyomkaa sawasawa mabegani (mimi ni fundi, hilo lazima ningeliona), alituambia kwamba kinachowarudisha nyuma wanawake wa Kenya katika biashara ni woga. Tujifunze kuthubutu, akasema. Ukumbi ukapiga makofi, nami nikapiga.

Siku hiyo hapakuwa na nafasi ya maswali, kwa hiyo naomba nimjibu hapa.

Nina karakana ya kushona sare kule Kariobangi Light Industries. Nilianza na cherehani moja ya miguu chini ya ngazi za jengo la watu. Leo ninazo saba za stima. Zilikuwa nane, na ile ya nane ndiyo iliyonishikisha kalamu. Nimeajiri mafundi sita, wanne kati yao kina mama wenye watoto shuleni.

Mwaka jana nilishinda zabuni katika taasisi moja ya umma chini ya mpango wa AGPO, ule ulioanzishwa mwaka wa 2013 na unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Walitaka mashuka 600 kwa Sh850 kila moja na dastikoti 140 kwa Sh1,500. Jumla Sh720,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Kwa karakana ya ukubwa wangu, hiyo ni kama harusi: mnalala kidogo, mnakopa kidogo, na kila mtu anaimba.

Kitambaa, uzi na vifungo vilinigharimu Sh430,000. Chama chetu kilinikopesha Sh200,000. Mwenye duka wa Eastleigh, ambaye tumefanya naye kazi miaka tisa, alinipa majora mengine kwa mkopo wa siku 60 bila kuniandikisha chochote. Tulishona usiku na mchana kwa wiki tatu. Mzigo ukaenda mwezi wa Mei kwa pikapu ya kukodi, nami nimekaa juu ya marobota kama mama wa mitumba wa Gikomba.

Sasa sikiliza walivyoupokea. Kamati ya ukaguzi ilikuwa na watu watatu. Mmoja alitoa rula mfukoni akapima pindo la shuka moja baada ya jingine. Mwingine alivuta mshono kwa nguvu, huku akinitazama usoni. Mashuka 11 yakakataliwa kwa sababu pindo lilikuwa limekwenda upande, nusu sentimita hivi. Sikulalamika. Hayo ndiyo mambo niliyofundishwa na aliyenifundisha kazi: pindo likienda upande, fumua. Nilirudi nayo Kariobangi, tukayafumua na kuyashona upya, na saa mbili asubuhi iliyofuata yalikuwa mezani kwao. Wakatia sahihi hati ya kupokea mzigo. Nilitoka pale nikijivuna.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kitu changu kushughulikiwa kwa haraka katika jengo lile.

Ankara niliitoa siku hiyo hiyo kwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, kama Mamlaka ya Ushuru inavyotaka. Na hapa nataka wasomaji wasiofanya biashara wanielewe vizuri, maana jambo hili huwa halizungumzwi kwenye viamshakinywa. VAT haingoji mteja akulipe. Ukishatoa ankara, deni la kodi limezaliwa, na ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata linatakiwa. VAT ya mzigo ule ilikuwa Sh115,200. Nikitoa Sh68,800 za VAT nilizokuwa nimelipa nikinunua malighafi, zilibaki Sh46,400, nami nikazilipa mwezi wa Juni kutoka mfukoni. Kwa hiyo serikali ya mkono huu ilikuwa haijanipa hata ndururu, na serikali ya mkono ule imeshachukua kodi ya pesa ambazo sijaziona. Kwa kawaida anayechelewa hutozwa faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Kuna benchi nje ya ofisi ya uhasibu pale. Nalijua benchi lile kuliko kochi langu. Karani ni kijana mwenye heshima zake, sina ubaya naye. "Mama, faili iko kwa bosi." "Mama, Hazina haijatuma pesa." "Mama, mfumo uko chini, jaribu Alhamisi." Safari moja aliniambia faili imepotea, niandae nakala nyingine, na nilipoileta akaniambia ile ya kwanza imepatikana lakini sasa ziko mbili na mkaguzi atauliza kwa nini. Nimekwenda mara 17. Nahesabu kwa risiti za matatu.

Mwezi wa Septemba niliuza ile ya nane, overloki ya kufungia kingo za kitambaa. Ilikuwa mashine bora kuliko zote nilizonazo, nimeinunua mpya, na niliiuza kwa bei ya kutupa ili mafundi walipwe na mwenye duka wa Eastleigh apate sehemu ya haki yake. Mzee wa watu hakunidai kwa maneno. Alikuwa akinipigia simu kunisalimia tu, nami naelewa salamu za mtu anayedai.

Bwana yule wa suti angesema niende benki. Nilikwenda na LPO, ile hati ya taasisi ya kuagiza bidhaa, pamoja na hati ya kupokea mzigo. Afisa wa mikopo aliniuliza kama nina hati ya shamba. Hati ya shamba iko kwa jina la baba mkwe, naye yuko hai na akili zake timamu, namshukuru Mungu. Nikamkumbusha yule afisa kwamba tangu mwaka wa 2017 Kenya ina sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana: mashine, bidhaa zilizo ghalani, hata deni unalodai. Akatabasamu. "Mama, sheria naijua. Lakini deni la serikali, nani anajua litalipwa lini?" Nikakosa jibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Katikati ya masaibu haya ndipo alipokuja bwana mmoja ninayemjua kwa sura. Alikuwa na habari zangu zote, sijui alizipata wapi. Ombi lake lilikuwa rahisi: nimpe kampuni yangu na cheti changu cha AGPO, aombe zabuni kwa jina langu, mimi nitie sahihi tu. Pesa zikiingia, asilimia tano ni zangu. "Mimi naweza kungoja hata mwaka mzima," akaniambia, "wewe huwezi." Sitajifanya malaika. Nilimwomba siku mbili nifikirie, na usiku wa kwanza nilikuwa nimeshakubali moyoni. Kilichonizuia ni mafundi wangu. Asubuhi nilipowaona wamekaa kwenye cherehani, niliona aibu kuwaambia kwamba kuanzia sasa kazi yetu ni kutia sahihi.

Maneno yake ndiyo yaliyonifumbua macho, Mhariri. Sheria imeweka masharti mazuri: kampuni iwe angalau asilimia 70 mali ya wanawake, na uongozi wake wote uwe mikononi mwao. Lakini malipo yakichelewa mwaka mmoja, anayebaki uwanjani ni mwenye pesa za kungojea, na mara nyingi huyo ni mwanamume mwenye kampuni nyingine tatu na mke au binti wa kuandikisha kwenye ya nne. Hakuna aliyefuta ile asilimia 30. Imehama tu kimyakimya kupitia benchi la uhasibu, na kwenye orodha jina la mwanamke bado limo.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015, kifungu cha 140, inasema taasisi ikichelewa kulipa italipa riba, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Nilipomtajia mhasibu kifungu hicho alicheka hadi akavua miwani. Hata mimi nilicheka. Mwanamke ambaye bado anatarajia kazi katika jengo hilo atamshtaki nani?

Najua siko peke yangu. Serikali ya Kaunti ya Nairobi imejulikana kwa miaka kama kinara wa kaunti zote kwa madeni yasiyolipwa (anayenikalia mimi ni mwingine, nami simtaji kwa sababu bado namhitaji alipe). Mwaka wa 2023 serikali kuu iliunda kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ichunguze madeni yake ya kuanzia 2005 hadi 2022. Mimi deni langu ni changa, halimo katika hesabu hiyo.

Pale hotelini tulionyeshwa picha za wanawake waliofika juu. Nasim Devji, aliyeshika usukani wa benki ya DTB mwaka wa 2001. Jane Karuku, aliyekabidhiwa kampuni ya bia ya EABL mwaka wa 2021. Tabitha Karanja, aliyeanzisha kampuni ya pombe ya Keroche kule Naivasha mwaka wa 1997. Nawaheshimu, na binti yangu nimemwonyesha picha hizo. Lakini ambaye ningependa atajwe ni Mary Okelo, mwanamke wa kwanza Mkenya kuwa meneja wa tawi la benki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake walianzisha Kenya Women Finance Trust, taasisi ya kuwakopesha wanawake, kwa kuwa waliona mwanamke anafika benki na kurudishwa. Hawakumwambia mteja athubutu. Walimtafutia pesa.

Mafunzo sina vita nayo. Kuweka hesabu nilifundishwa kwenye semina ya bure, na ndiyo maana naweza kukupa tarakimu hizi hadi shilingi ya mwisho. Ila kila Machi nasikia ikisomwa thamani ya zabuni zilizopewa wanawake, na sijasikia hata mara moja ikisomwa zilizolipwa na baada ya siku ngapi. Kila taasisi na itangaze hesabu hiyo mlangoni pake, karibu na ule mkataba wa huduma uliobandikwa ukutani. Na Bunge, ambalo limewahi kuletewa miswada ya malipo ya haraka, lituambie kwa nini anayeiuzia serikali atoe VAT kabla serikali haijamlipa. Kodi yenyewe sikatai. Nataka nilipie pesa nilizoziona.

Karani ameniambia nirudi Alhamisi. Ukitaka kutuma mwandishi wako, nitakuwa kwenye benchi kuanzia saa mbili unusu. Nimewahi kumkuta pale dada anayeuza mboga kwa wingi na mama mmoja anayechapisha madaftari, wote wana faili zao mikononi. Atatutambua.

Mshona sare,
Kariobangi, Nairobi