Baba, ushapata mahali pa kusali?

Mwanangu,

Huku Kisauni hatujambo, joto tu. Nakuandikia manake kwa simu kila nikikuuliza kama ushapata mahali pa kusali unaniambia mtandao unakatakata, na mtandao huohuo wa Mandera haukatiki nikikupa habari za mpira.

Kazi sina ugomvi nayo. Mtoto wangu kufundisha fizikia kule mpakani na Somalia, walimu wa bara wanakokukimbia, nimetamba nalo mpaka jumuiya wamenichoka. Lakini ile picha uliyoweka kwa status jana nimeikuza, rozari shingoni sikuiona. Kama umeivua kwa usalama nitaelewa, Mungu haangalii shingo. Kama umeivua sababu walimu wenzako wanakucheka, hapo ndo tumbo linaniuma.

Risasi naiogopa, sitakudanganya, wale watu 148 waliouliwa na magaidi chuo cha Garissa 2015 hawajanitoka kichwani. Ila wewe nakuogopea zaidi Jumapili. Ya kwanza umechoka, ya pili hakuna padre, ya tatu uko nje unafua nguo na huoni ajabu.

Na usiniambie kanisa liko mbali. Prisila na Akila watu walikuwa wakikusanyika nyumbani kwao, Paulo akawasalimia kabisa kwa barua ya Warumi. Tafuta wauguzi, maaskari, walimu wenzako, hata mkiwa watatu chumbani kwako someni Zaburi muombe. Waebrania 10:25 utaifungua mwenyewe, miye sikuandikii.

Lakini kubishana dini na watu sitaki kusikia! Wewe ukianza hunyamazi, najua umetoa wapi hiyo tabia, usinikumbushe. Petro mwenyewe alisema tujibu kwa upole. Na usimuone kila mtu adui. Ule mwaka 2015, Desemba, basi la kuja huko Mandera lilisimamishwa na magaidi, Waislamu wakaambiwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Salah Farah alipigwa risasi pale na mwezi uliofuata akafa, naye alikuwa mwalimu kama wewe. Kwa hivo wa kukukinga huko huenda akawa mtu wa swala tano, muamkie vizuri.

Nikipita Kengeleni na matatu naiona ile kengele ya Frere Town, zamani ikipigwa kuwaonya watumwa walioachwa huru kwamba wawindaji wanakuja kuwarudisha utumwani. Wale hawakuwa na ukoo hapa, hawana mjomba, na kanisa wakajenga. Wewe una mshahara na mama mwenye bando, ushapata mahali au bado?

Haya, mpangaji wa chumba cha nyuma hajalipa tena, ananipita uani kama hanioni. Kuti limeangukia mabati ya choo likatoboa, fundi anataka elfu nne, mimi nimesema tatu. Ukituma usipitishie kwa kakako, kwake zinapungua. Jumapili nitakupigia saa nane mchana, uwe ushatoka kusali.

Mamako