Dim sum si ya kuanikwa kwenye bufee

Mhariri,

Kwa Mswahili, kunywa chai si chai peke yake. Mtu akikuuliza asubuhi kama umeshakunywa chai, ndani ya swali hilo mna kitumbua, mkate, hata kiporo cha jana. Watu wa Guangzhou na Hong Kong wanasema vivyo hivyo: yum cha, kunywa chai, na maana yake ni mlo mzima. Vitafunio vya chai hiyo ndivyo dim sum. Sasa wapo wasomaji wako wanaofuata mzigo Guangzhou, wanaopita Dubai, au wanaoalikwa Jumapili kwenye mgahawa wa Kichina wa bei ya juu, ambao hulipa pesa nyingi za bufee ya dim sum kisha wakaila kama bufee ya harusi: sahani moja, mlima mmoja. Wanaondoka wameshiba na hawajaonja kitu. Lawama si zao peke yao. Hoteli zinazoanika dim sum kwenye masinia ya chuma yenye moto chini ndizo zinazowafundisha vibaya.

Bufee hizi ni za namna mbili, na ni vizuri kuuliza kabla ya kuweka nafasi. Ipo ya karatasi: unapewa orodha na kalamu, unaandika idadi ya vikapu unavyotaka, jikoni wanapika, unarudia mpaka utosheke, ndani ya saa moja na nusu au mbili. Singapore na Malaysia imezoeleka sana. Ipo na ya meza, ambako vikapu vimerundikwa tayari juu ya mvuke na kila mtu anajichukulia. Ukiwa na hiari, nenda kwenye ya karatasi hata kama ni ghali kidogo.

Sababu utaiona kwenye har gow, kile kifuko kidogo cha kamba wa baharini ambacho mafundi hupimwa nacho. Ngozi yake haina unga wa kawaida. Ni wanga wa ngano, yaani ngano iliyoondolewa ile gluteni inayovutika, ukichanganywa na wanga wa muhogo. Mpishi humwagia maji yanayochemka, hukanda ungali moto, halafu huutandaza kwa ubapa wa kisu uliopakwa mafuta hadi uwe duara jembamba. Hukunjwa upande mmoja tu, mikunjo saba kwa uchache. Fundi hasa hufika kumi na kuendelea. Ndani mna kamba walioloweshwa kwa bikaboneti kidogo na kusuuzwa kwa maji baridi, ndiyo maana wakitafunwa wanalia kama tango, pamoja na vipande vya chipukizi la mwanzi. Inapikwa kwa mvuke mkali dakika tano au sita, basi.

Ikitoka hapo ngozi inaangaza, na wekundu wa kamba unaonekana kwa ndani. Iache nje ya mvuke dakika kumi, wanga unaanza kuganda: ngozi inakuwa nyeupe, ngumu, inapasuka kwenye mikunjo. Iache juu ya mvuke nusu saa ili isipoe, ndiyo yanakuja makubwa zaidi. Inaendelea kunywa maji, inalainika kama gundi, inashika karatasi iliyo chini yake. Ukiinyanyua kwa vijiti, tako linabaki kikapuni na kamba anadondoka uchi. Kwa hiyo hakuna namna ya kuitunza har gow mezani. Ama inatoka jikoni sasa hivi na inaliwa, ama imeharibika, na taa ya kupasha chakula haisaidii.

Cheung fun ni mbaya zaidi kwa kusubiri. Huo ni mkate laini wa unga wa mchele. Uji mwepesi humiminwa juu ya kitambaa au bamba la chuma, ukaiva kwa mvuke kama dakika mbili, kisha hukunjwa na kamba au nyama ya ng'ombe ndani. Sosi ya soya yenye utamu kidogo humwagiwa mezani, mbele ya mlaji. Ukiona bufee ambayo cheung fun imekwisha kulowana sosi na kingo zake zimekauka, ipite. Utatafuna mpira.

Bao, lile andazi la mvuke lenye nyama tamu ya kuchoma ndani, linastahimili kidogo, ila lina adui wake: tone la maji. Unga wake ni ule mweupe wa keki, na kinachoupasua juu kama ua la petali tatu ni hamira ya kienyeji ikisaidiwa na unga wa kuumulia, pamoja na mvuke mkali tangu dakika ya kwanza. Mfuniko wa mwanzi hunywa mvuke. Mfuniko wa chuma huurudisha ukiwa matone, na kila tone huacha doa la majimaji, andazi likanywea hapohapo. Jiko lenye vyombo vya chuma tu lingeweza kufunga kitambaa kwenye mfuniko. Kazi ya dakika moja, na wengi hawaifanyi. Bao la manjano lenye harufu kali ya magadi, hilo limezidishiwa alkali, wala usihangaike nalo.

Je, ukijikuta kwenye bufee ya meza na umeshalipa? Hujapotea. Chagua vile ambavyo kungoja hakuviui. Miguu ya kuku kwanza. Hukaangwa kwa mafuta mengi, hutumbukizwa kwenye maji baridi ngozi ikavimba na kukunjamana, hupikwa taratibu kwa viungo, halafu hutiwa mvuke tena pamoja na soya nyeusi zilizochachushwa. Chakula kilichopita moto mara tatu hakitaharibika kwa nusu saa nyingine. Matumbo ya ng'ombe kwa tangawizi ni hivyohivyo. Wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi unaitunza harufu yake kwa sababu jani halijafunguliwa; ila ni mzito, mgawane wawili au watatu. Keki ya figili nyeupe ni nzuri ikiwa kuna mpishi anayeikaanga hapohapo kwenye kikaango bapa, na bufee nyingi nzuri zinaye. Vya kukaanga vilivyofunikwa usiguse: roli zinalegea, na wu gok, ile ya magimbi yenye ganda la matundumatundu kama sega la nyuki, inabaki donge lenye mafuta.

Kwa har gow, bao, na siu mai, kile kifuko cha nyama kilicho wazi juu, kwenye meza ya namna hiyo, usichukue kikapu cha juu kwa kuwa kiko karibu. Simama pembeni, kunywa chai yako, ngoja mhudumu alete rundo jipya. Siu mai hujitangaza yenyewe: ngozi yake ya manjano ikiwa imejikunja na kukauka kwenye ukingo, imekaa muda mrefu.

Mpangilio wa kula una maana yake pia. Anza na vya mvuke vyepesi, fuatisha vyenye sosi nzito, kisha vya kukaanga, na vya wanga viwe mwisho. Watu wengi hufanya kinyume: roli na wali mwanzoni, na har gow inapofika tumbo limeshafunga mlango. Kikapu kimoja kwa kawaida kina vipande vitatu au vinne. Kwa watu wawili, vikapu vitatu kwa mzunguko vinatosha, na mizunguko mitatu ni chakula cha kushiba sawasawa. Usiagize kumi kwa mpigo. Vitafika pamoja, utakula viwili vya moto na vinane vya baridi, na sehemu nyingi hutoza chakula kilichobaki mezani. Uliza pia oda ya mwisho ni saa ngapi, maana jiko hufunga kupokea oda kabla ya muda wako kwisha.

Suala la nguruwe linahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye menyu ya Kichina, neno rou, nyama, likisimama peke yake maana yake ni nguruwe. Ng'ombe atatajwa kwa jina, kuku atatajwa kwa jina. Nguruwe hana haja ya kujitambulisha. Siu mai ya asili ni nguruwe na kamba. Keki ya figili, ambayo jina lake linaonyesha mboga tu, huwa na vipande vya soseji ya nguruwe. Halafu yapo mafuta: har gow mara nyingi hutiwa shahamu ya nguruwe ndani ili kamba wasikauke, wu gok hukandwa nayo, na ganda la tati ya mayai, kile kikeki chenye kastadi katikati, au maharage matamu yaliyo ndani ya mpira wa ufuta yanaweza kuwa nayo. Ukimuuliza mhudumu kama mna nguruwe atakujibu hapana kwa moyo safi, kwa sababu amefikiria nyama. Uliza mara mbili: zhu rou, nyama yake, na zhu you, mafuta yake. Tena mvinyo wa mchele hutiwa kwenye vijazo vingi. Na vikapu vya mwanzi vina sakafu ya matundu, kwa hiyo mchuzi wa kikapu cha juu hudondokea cha chini. Har gow isiyo na nguruwe iliyopikwa chini ya siu mai ya nguruwe si ile uliyoiomba.

Anayetaka halali asitegemee maelezo ya mdomo. China neno la kutafuta ni qingzhen, yaani halali. Singapore cheti hutolewa na MUIS, baraza la Kiislamu la huko, Malaysia na JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, na tangazo la kwamba mgahawa hautumii nguruwe wala mafuta yake si cheti. Kwenye mahoteli ya Dubai siu mai ya kuku ni kawaida, na chenye nguruwe, kikiwapo, hutengwa na kuandikwa. Mwenye mzio naye ajue kamba wamo hata mahali asipowatarajia, na fun gwo ya Chaozhou, kifuko kingine cha mvuke, ina karanga.

Bei isomwe hadi mwisho. Singapore, alama mbili za kujumlisha baada ya bei maana yake ni asilimia 10 ya huduma, kisha kodi, ambayo tangu 2024 ni asilimia 9 juu ya jumla hiyo. Dola 60 zinakuwa karibu 72. Hong Kong huongeza asilimia 10 ya huduma, na chai hutozwa kwa kichwa hata usipoinywa. Kwa hiyo inywe.

Na chai yenyewe haina maziwa wala sukari. Pu'er, nyeusi na yenye harufu ya udongo, ndiyo inayokata mafuta; asiyeipenda achague ya yasmini au tieguanyin, chai ya aina ya oolong. Soda na juisi zinajaza tumbo bure. Maji yakiisha kwenye birika, sogeza mfuniko ukae upande, mhudumu ataelewa bila kuitwa. Mwenzako akikumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Hekaya inasema mfalme Qianlong wa China alisafiri kwa kujificha, akawamiminia watumishi wake chai. Hawakuweza kumsujudia hadharani, wakakunja vidole na kugonga meza badala ya kukunja magoti.

Sasa kwa mahoteli yetu, yale ya Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa yanayofikiria bufee ya aina hii. Vikapu 200 vilivyopikwa saa nne asubuhi ili vingoje wageni wa saa sita si bufee ya dim sum. Mwekeni mpishi mmoja ukumbini mwenye sufuria mbili za mvuke, moja ya nguruwe kama mnaitumia na nyingine isiyoguswa nayo kabisa, na vikapu vibichi kwenye friji chini ya meza. Mgeni anataja, mpishi anaweka, dakika sita anapewa. Foleni ikiwa ndefu, wekeni karatasi na kalamu mezani. Chakula kitakachotupwa kitapungua, na miguu ya kuku iendelee kukaa kwenye sinia, haina neno.

Tati za mayai ziagizwe mkiwa bado na vikapu viwili mezani, kwa sababu zinatoka kwenye tanuri na haziendi kwa kasi ya mvuke. Ikifika, itikise sahani kidogo. Katikati patetemeke kama maziwa mgando na ganda livunjike likiguswa. Ikiwa imetulia tuli na imebonyea katikati, imetoka tanurini zamani, omba nyingine.

Mpishi wa hoteli,
Dar es Salaam